Dakota imetimiza miaka 90: ni nini hasa kinachoifanya iendelee kuruka?

Namba 1. MtazamaAnga (Entebbe)

Salaam wadau. Tarehe 17 Desemba 2025 ilitimia miaka 90 tangu ndege ya Douglas DC-3, hii tunayoiita Dakota, iruke kwa mara ya kwanza huko Santa Monica, California. Marehemu baba yangu alikuwa mpakia mizigo katika uwanja wa Entebbe enzi za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, na mpaka anaingia kaburini kila ndege iliyopita juu ya nyumba yetu aliipima kwa Dakota: hii ina kelele kuliko Dakota, ile inahitaji njia ndefu kuliko Dakota. Aliziona Comet, akaziona Fokker, akaziona VC10, lakini kipimo chake hakikubadilika.

Ndege nyingi zilizokuja baada yake zimekwisha kuyeyushwa na kuwa sufuria, ilhali Dakota kadhaa zinabeba mizigo na abiria hadi leo. Hoja yangu ni kwamba sababu ni moja tu, nayo ni uimara wa kiunzi chake. Wasanifu wa miaka ya 1930 hawakuwa na kompyuta ya kuwaambia bati lipunguzwe unene kwa kiasi gani, kwa hiyo kila walipoona shaka waliongeza, na nyongeza hiyo ndiyo inayoruka mpaka sasa. Mwenye hoja nyingine aiweke hapa pamoja na ushahidi wake.

Namba 2. ReliniJinja (Jinja)

Asante kwa uzi. Ninachokataa ni hilo neno "moja tu". Tuanze na hesabu. DC-3 zilizojengwa mahsusi kwa mashirika ya kiraia zilikuwa 607. Vita vilipoingia, Wamarekani wakajenga za kijeshi, C-47 na ndugu zake, hadi jumla ikapita 10,000. Warusi wakajenga karibu 5,000 kwa jina la Lisunov Li-2, na Wajapani wakajenga 487 kwa leseni waliyokuwa wameinunua kabla ya vita. Mwaka 1945 bunduki ziliponyamaza, maelfu ya ndege hizo hayakuwa na kazi, na serikali zikaziuza kwa bei ya chini mno. Shirika changa lenye fedha kidogo lingenunua nini kingine?

Kitu kilichotengenezwa kwa maelfu hakikosi vipuri. Hapa Busoga baiskeli ya aina iliyozoeleka hutengenezwa chini ya mwembe katika kijiji chochote, na ile ya kifahari aliyokuja nayo mgeni hukaa ghalani kwa kukosa mnyororo mmoja. Dakota ilikuwa baiskeli ya kila kijiji duniani.

Namba 3. BintiArua (Arua)

Habari zenu. Mimi si mtu wa mitambo, ila nina jambo la nyumbani. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) katika kikosi cha 4, kile cha Uganda, na mwaka 1944 alikuwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walipokuwa wakiwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw. Mvua za huko ziligeuza njia kuwa tope, malori yakazama hadi ekseli, na chakula chao kikawa kinatoka juu kwa Dakota.

Alikuwa akitusimulia kwa Kiswahili kile kile alichojifunza jeshini. Alisema mlio wa injini mbili ukikaribia, kila mtu alitafuta mti mnene wa kusimama nyuma yake, kwa kuwa risasi na dawa zilishuka kwa mwavuli, lakini mchele ulitupwa hivi hivi, gunia ndani ya gunia, ili la ndani likipasuka la nje lizuie punje zisimwagike. Ndege ilipita chini mno hata wakawaona watu mlangoni wamelala chali, wakiyasukuma magunia kwa nyayo za miguu. Baada ya miaka mingi, mtu akibeba mzigo mzito pale nyumbani, babu aliuita "mzigo wa Dakota", na sisi wajukuu tulidhani ni neno la Kilugbara.

Kwa hiyo naomba mkumbuke kwamba wapo Waganda walioifahamu ndege hii kwa jina kabla haijazoeleka Entebbe, na waliifahamu kwa sababu iliwalisha.

Namba 4. MwalimuTororo (Tororo)

Dada wa Arua, umenigusa. Mimi naunga mkono Namba 1 na kuongeza ushahidi wa usalama. Dakota haikuwahi kuua mtu Afrika Mashariki. Hata ile ya Butiaba mwaka 1954, iliyoanguka na mwandishi Ernest Hemingway, watu wote walitoka hai. Kiunzi kiliwalinda.

Namba 5. UfukoniHoima (Hoima)

Mwalimu, kwa heshima zote, umekosea mara mbili katika aya moja, na wanafunzi wako wakisoma hapa watakuuliza. Mimi nyumbani kwetu si mbali na Butiaba, na habari hiyo tumeisikia tangu utotoni.

Hemingway alipata ajali mbili katika siku mbili za Januari 1954. Ya kwanza ilikuwa ya Cessna 180 iliyogusa waya wa zamani wa simu karibu na maporomoko ya Murchison. Kesho yake, pale Butiaba, ndege ya pili ilishindwa kuruka ikashika moto, nayo ilikuwa de Havilland Dragon Rapide. Hiyo ina mabawa mawili yaliyopandana, na mwili wake ni wa mbao na kitambaa. Ni aina ile ile ambayo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza nayo mwaka 1946, kabla Dakota hazijafika. Anayetaka kujua Dakota zilileta mabadiliko gani huku kwetu, aanze kwa kuitazama Rapide: abiria wachache wamebanana, mbao, gundi, na turubai.

Kuhusu vifo, tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya shirika hilo hilo, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Mlima Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo walifariki. Hapo uimara wa kiunzi haukusaidia kitu.

Namba 6. MwalimuTororo (Tororo)

Nimekubali kusahihishwa, na nimeandika pembeni ya daftari langu. Asante.

Namba 7. SpanaSoroti (Soroti)

Nimesoma yote kwa makini kwa sababu katika miaka ya 1970 nilishika spana kwenye Dakota kwa miaka 6, na mikono yangu bado inaikumbuka. Nina masahihisho kwanza, kisha maelezo.

Watu wengi huiita Dakota ndege ya "chuma", na hupotosha bila kukusudia. Mwili wa Dakota ni wa bati la alumini lililounganishwa kwa ribiti nyingi sana, na bati lenyewe ndilo linalobeba nguvu pamoja na mbavu za ndani. Tena si alumini tupu: usukani wa mkia, vile vibawa vya nyuma vinavyoinua na kushusha pua, na vile vya kulalia upande vimevikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Nimeshona vitambaa hivyo kwa sindano iliyopinda, kwa mikono yangu. Kwa hiyo ndugu wa Hoima, kitambaa hakikuisha Rapide ilipoondoka.

Namba 1 yuko karibu na ukweli lakini hajaufikia. Unene wa bati peke yake si jibu. Jambo la kwanza ni namna bawa lilivyojengwa. Ndege nyingi za wakati ule zilitegemea mhimili mmoja au miwili mikubwa ndani ya bawa, lakini Dakota ilifuata wazo la Jack Northrop la kugawa mzigo kwa mihimili kadhaa na bati lenye vigumishi, hivi kwamba ufa ukianza mahali pamoja, sehemu nyingine zinashika. Jambo la pili ni kwamba haisindikwi hewa ndani. Ndege za kisasa hujazwa hewa zinapopanda na kupunguzwa zinaposhuka, na mwili wake hupanuka na kusinyaa kila safari kama puto, hadi metali inachoka na kupasuka. Dakota inaruka chini, hewa ya ndani ni ile ile ya nje, na mwili wake hauna habari ya uchovu wa namna hiyo. Mtu akiniuliza mimi, la pili lina uzito kuliko la kwanza.

Halafu liko lile ambalo vitabu havilitilii maanani, nalo ni kwamba fundi aliweza kuifikia. Injini ya Pratt & Whitney Twin Wasp ina silinda 14 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili, na ukifungua kifuniko unaona kila kitu kwa macho. Asubuhi kabla ya kuwasha tulizungusha rafadha kwa mikono, panga moja baada ya jingine, kwa sababu usiku oili hujikusanya katika silinda za chini, na ukiwasha injini ikiwa na oili hiyo, unaweza kupinda fito ya pistoni. Panga likigoma katikati hulisukumi kwa nguvu: unafungua plagi za chini, oili inamwagika, ndipo unaendelea. Injini ikishika, moshi mweupe unakufunika kwanza, kisha unasikia silinda zikiingia moja moja mpaka mlio unakuwa mmoja.

Siku moja silinda yetu ilipasuka tukiwa katika kiwanja cha majani kaskazini mwa nchi, mbali na karakana. Tulifunga magogo matatu ya mkalatusi yakawa winchi, silinda mpya ikaletwa kwa gari, na siku ya tatu ndege ikaondoka. Hebu jaribuni hivyo na injini ya jeti.

Nimalizie kwa kisa cha China, ambacho mafundi wote wa Dakota hukijua. Mwaka 1941 DC-3 ya shirika la CNAC iliharibiwa bawa kwa mabomu ya Wajapani. Bawa la DC-3 halikupatikana, lakini lilikuwapo la DC-2, ndege mtangulizi wake, ambalo ni fupi zaidi. Likafungwa chini ya tumbo la ndege nyingine, likapelekwa, likawekwa, na ndege ikaruka na mabawa yasiyolingana, wakaiita DC-2½. Hilo liliwezekana kwa sababu sehemu ya nje ya bawa hushikwa na bolti nyingi zilizopangwa mstari, unazifungua moja moja kama gurudumu la lori.

Namba 8. ReliniJinja (Jinja)

Mzee wa Soroti, shikamoo. Nimeona umenijibu bila kunitaja. Lakini hiyo silinda mpya iliyoletwa kwa gari ilitoka wapi? Ilitoka katika stoo iliyojaa vipuri vya vita. Bila zile 10,000, winchi yako ya mkalatusi ingeinua nini?

Namba 9. SpanaSoroti (Soroti)

Marahaba. Umenikamata hapo, na kweli silinda ile ilikuwa na muhuri wa miaka ya 1940, imefungwa katika karatasi ya nta.

Namba 10. KamusiMkononi (Kampala)

Naomba kuuliza kuhusu jina. Nimesoma mahali kwamba Dakota ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayomaanisha ndege ya usafirishaji ya kampuni ya Douglas. Je, ni kweli?

Namba 11. UfukoniHoima (Hoima)

Maelezo hayo yanasemwa sana, lakini mimi nayatilia shaka. Jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na desturi ya kuzipa ndege za Marekani majina ya Kimarekani: Hudson, Boston, Maryland, Baltimore. Dakota ni jina la watu wenyeji wa Marekani na la majimbo mawili ya huko, na limekaa sawa kabisa katika orodha hiyo. Hizo herufi za mwanzo nahisi zilibuniwa baadaye na mtu aliyefurahia kuona zinaoana.

Namba 12. KamusiMkononi (Kampala)

Au aliyechagua jina aliyaona yote mawili kwa pamoja. Herufi zinaoana mno kuwa bahati tupu.

Namba 13. MamaMbale (Mbale)

Wanangu, mmezungumza injini na majina, hakuna abiria hata mmoja aliyesema. Mimi nilipanda Dakota mwaka 1967 nikiwa na miaka 9, kutoka Entebbe hadi Nairobi kupitia Kisumu, nikiwa na shangazi yangu aliyekuwa muuguzi.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni kupanda mlima ndani ya ndege. Mlango uko nyuma, na kwa kuwa ndege imekalia gurudumu dogo la mkia, pua iko juu, sakafu imeinuka kama njia ya kwenda Wanale. Shangazi alishika viti kimoja kimoja akijivuta kwenda mbele, mkoba wake ukimrudisha nyuma. Kisha tukiwa tunakimbia ardhini mkia ukainuka, sakafu ikanyooka, na nikajua tunaondoka kabla hatujaondoka. Tulipita chini juu ya ziwa, nikaona mitumbwi na vivuli vyake majini. Sijawahi tena kuona mtumbwi kutoka katika ndege. Siku hizi ni mawingu tu.

Namba 14. RubaniMwanafunzi (Soroti)

Shikamooni wazee wangu. Ninasomea urubani hapa hapa Soroti, na darasani tumeifanyia Dakota kazi ndefu, kwa hiyo naleta hoja ya tatu ambayo sijaiona: miinuko.

Mwaka 1931 ndege ya Fokker ya shirika la TWA, yenye bawa la mbao, ilivunjika angani huko Kansas na kumuua kocha mashuhuri Knute Rockne pamoja na wenzake. Mwaka uliofuata Jack Frye wa TWA aliwaandikia watengenezaji akitaka ndege ya metali. Sharti lililowasumbua zaidi lilikuwa kwamba iweze kuruka kutoka uwanja wowote wa shirika hata injini moja ikizimika, na baadhi ya viwanja hivyo viko juu sana. Donald Douglas na mhandisi wake Arthur Raymond walijibu kwa DC-1, ambayo mwaka 1933 iliruka kutoka Winslow, Arizona, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ikaendelea hadi Albuquerque kwa injini moja. DC-2 na DC-3 ni watoto wake.

Sasa tazameni kwetu. Entebbe iko mita 1,155, na Nairobi inapita mita 1,600. Hewa ya huku ni nyepesi, injini hupumua kwa shida, bawa hushika kidogo. Baadhi ya ndege za umri wake zilisanifiwa kwa nchi tambarare za Ulaya, wakati Dakota ilizaliwa ikiwa tayari ni ndege ya nyanda za juu. Mimi naamini ndiyo sababu ilikaa Afrika Mashariki muda mrefu hivyo, hata baada ya Fokker F27, iliyotengenezwa kwa kusudi la kuchukua nafasi yake, kuwasili. F27 ilikoma kutengenezwa mwaka 1987, na aliyetakiwa kuondoka bado yupo.

Namba 15. ReliniJinja (Jinja)

Kijana ameleta hoja nzito, ila nauliza: kama sababu ni miinuko, mbona Dakota zilidumu vile vile Kanada ya kaskazini, ambako viwanja viko chini na baridi inasaidia injini?

Niongeze pia lililoziondoa huku kwetu, kwa maana hakuna aliyeligusa. Injini ya pistoni inakunywa petroli maalumu ya ndege yenye madini ya risasi ndani yake. Ndege za jeti na za tabo, yaani zenye injini ya mfumo wa jeti inayozungusha rafadha, hutumia mafuta yaliyo ndugu wa mafuta ya taa. Mashirika yalipohamia huko, petroli ya ndege ikaanza kuadimika Afrika na bei yake ikapanda, hadi ikawa mwenye Dakota nzima kabisa anashindwa kuirusha kwa kukosa cha kuinywesha. Ndiyo maana kampuni ya Basler kule Oshkosh, Wisconsin, huing'oa ile injini na kuweka ya tabo ya PT6, ikaurefusha mwili kwa takriban mita moja, na kuiita BT-67. Hizo hutua juu ya barafu ya Antaktika kwa magurudumu yenye skii, yaani vibao virefu vya kutelezea. Jeshi la anga la Afrika Kusini nalo lilizibadilisha za kwake kwa namna inayofanana na hiyo.

Namba 16. MpakaniKasese (Kasese)

Mimi nilizipanda mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashariki mwa Kongo, nilipokuwa nikifanya biashara ya nguo kuvuka mpaka wa Mpondwe. Hapakuwa na viti. Tulikalia magunia ya maharagwe, kuku wamefungwa miguu, na mafuta ya mawese yalimwagika sakafuni mpaka mtu akateleza. Mvua ilitukuta angani, maji yakapenya kwenye kingo za kioo cha mbele, na rubani akatandaza karatasi ya nailoni mapajani kama mwanamke anayemenya ndizi, akaendelea na kazi yake.

Sitaitaja kampuni. Ninachotaka kusema ni kwamba hakuna aliyeichagua Dakota kwa sababu ya bawa la Northrop. Barabara haikuwepo, kiwanja kilikuwa cha udongo na kilichimbika, na hakuna mwenye ndege ya mamilioni ya dola ambaye angekubali kuitua pale. Iliyokwisha kulipiwa miaka 50 nyuma ilitua. Mkiniuliza kilichoifanya idumu, nitasema ni umaskini wa barabara zetu, na nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu ndani ya magunia yale kulikuwa na dawa za watoto.

Namba 17. BintiArua (Arua)

Kaka wa Kasese, umemrudisha babu yangu. Tope la Kabaw na udongo wa huko kwako ni kitu kimoja.

Namba 18. MtazamaAnga (Entebbe)

Nimewasoma wote mara mbili. Nakiri neno "moja tu" halisimami tena, lakini siliachi kiunzi. Umaskini wa barabara upo kwa ndege zote, na wingi wa vipuri haufufui ndege iliyochoka. Kama kiunzi kingekuwa kimekufa, vipuri vya Jinja vingebaki ghalani na kiwanja cha Kasese kingeota nyasi. Ndugu wa Jinja najua atakataa.

Mzee wa Soroti, nina swali moja la mwisho. Baba alikuwa akisema kwamba katika Dakota mzigo mzito ulipelekwa mbele kwanza, hata kama ungeshushwa wa kwanza, na jambo hilo lilimuudhi kila siku. Aliniachia daftari lenye michoro ya sakafu ya ndege hiyo, na mistari ya penseli karibu yote imejazana sehemu ya mbele. Kwa nini?

Namba 19. ReliniJinja (Jinja)

Nakataa, lakini nasubiri jibu la mzee kwanza.

Namba 20. SpanaSoroti (Soroti)

Mwanangu, ni uzito na mizani. Bawa ndilo linaloibeba ndege, kwa hiyo kizito kinatakiwa kikae karibu na bawa. Kikibaki nyuma, mkia unakuwa mzito, pua inainuka kupita kiasi, na rubani hawezi kuishusha. Sasa mlango wa mizigo wa Dakota uko upande wa kushoto, nyuma ya bawa, na Mama wa Mbale amekueleza sakafu inavyoinuka. Kwa hiyo kila kreti iliingilia chini ikasukumwa kupanda hadi mbele, ikafungwa kwa kamba kwenye pete za sakafuni kabla haijarudi yenyewe. Wawili walivuta, mmoja aliweka bega chini yake asiiache iteleze. Mtazame katika picha zake kama bega moja limeshuka kuliko jingine.

Lile daftari ulihifadhi mbali na unyevu, na ukiweza, piga picha kurasa za michoro uziweke hapa. Ningependa kuona alama alizotumia.